Sahani ya Nyumba ya Mwisho

Kuku wa babu jirani yetu walikuwa wanene kuliko kuku wote wa kijiji, na nilikaa wiki tatu nzima bila kujua sababu.

Nilikuwa mke wa mwalimu, mama wa mtoto anayenyonya, na mtu wa mjini kwa kiburi changu chote. Nimezaliwa Shinyanga, karibu na stesheni ya reli ambako baba yangu alifanya kazi. Kisukuma changu kilikuwa cha kusalimia na kuombea maji. Tukigombana na mume wangu, yeye alirudi kwenye Kisukuma cha kwao na kuniacha nikipigana na hewa. Miaka ile ya watu kuhamishiwa katika vijiji vipya, alipangiwa shule moja magharibi ya Geita, na huko nikapata nyumba ya udongo, kipande cha shamba la pamba, na jirani asiyeweza kutembea.

Nyumba zilijengwa kwa mstari, na ya mwisho ilikuwa ya babu. Yeye na mkewe walitoka kwenye kaya yao ya zamani, mwendo wa nusu siku kwa miguu, wakatengwa na ndugu waliopelekwa upande mwingine. Mkewe alifariki kabla kuta hazijakauka vizuri. Yeye akaanguka kutoka juu ya paa akiezeka nyasi, nyonga ikavunjika, na ikaunga vibaya. Tangu hapo akawa anajisogeza kwa makalio, kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kitandani. Binti yake, mtoto pekee aliyebaki, alikuwa ameolewa upande wa Chato. Alikuja akamsihi waende wote. Babu akamjibu kwamba hajapata kuona mwanamume mwenye nyumba yake akihamia kwa mkwe.

Binti yule alilia siku mbili, akafunga mzigo wake. Nilimsindikiza hadi njia panda, akanishika mkono, akaniita mama kwa Kisukuma chao. "Mayu, nisaidie kumtazama baba. Asife kwa njaa na mimi nipo."

Nikamwambia aende salama, hatakufa kwa njaa. Sikumwambia nitajaribu. Mimi nikisema jambo nimelisema, na ubaya huo nimerithi kwa mama yangu.

Tena nilijua kumtunza mgonjwa, au nilidhani najua. Mama alikuwa fundi wa kazi hiyo kule Shinyanga. Mtu wa mtaa wetu akiangushwa na homa, mama alipika, akafunika, akapita uchochoroni nyuma ya maduka ya Wahindi ili asionekane. "Chakula cha mgonjwa hakitembezwi barabarani," alikuwa akisema, "utamtia aibu." Palikuwa na bibi mmoja wa Kihindu, mjane wa mwenye duka la vitambaa, ambaye hakula kitu kilichopita kwenye chungu kilichowahi kuingia nyama. Huyo, mama yangu alimpelekea ndizi mbivu na maziwa, maana alikwenda kwanza kumuuliza. Mimi nilikumbuka kufunika. Kuuliza nilikusahau.

Basi kila adhuhuri nilisonga ugali, nikatia na mlenda au nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na siku ya gulio samaki wadogo wa ziwani. Nilifunika bakuli kwa kitambaa safi, nikamfunga mtoto mgongoni, nikapita nyuma ya nyumba, katikati ya mihogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mayu. Wabeja." Aliniitikia hivyo na kunishukuru hivyo kila siku, akaweka bakuli kando ya ukuta, tukaanza mazungumzo. Alinisimulia alivyosukuma vigari vya mawe chini ya ardhi katika mgodi wa Geita akiwa kijana, na jinsi ng'ombe wake mmoja mwenye pembe iliyopinda alivyojua siku ya mnada akajificha. Mimi nilimpa habari za shule na umbea wa kisimani. Alipenda umbea kuliko alivyotaka kukiri. Nilipoondoka chakula kilikuwa bado kimefunikwa, lakini nilipofuata vyombo alasiri nilivikuta vyeupe.

Nikajisifu kwa mume wangu. "Babu anakula kama kijana."

Mume wangu akanitazama, akarudi kwenye madaftari ya wanafunzi.

Lakini babu alikuwa anapungua. Alivaa bangili ya shaba iliyokuwa ikikaa kwenye kifundo cha mkono. Wiki ya pili niliiona inateleza hadi katikati ya mkono, na wiki ya tatu akiinua mkono kunisalimu inakimbia mpaka kiwikoni. Nikajiambia ni uzee, ni huzuni, ni nyonga. Nikaongeza tonge.

Siku moja nilisahau kwake kanga ya kumbebea mtoto, nikarudi upesi kuifuata. Babu alikuwa amekaa kwenye mlango wa nyuma na bakuli langu mapajani. Alikata ugali vipande vidogo vidogo, akavifinyanga vizuri ili visiwakwame, akawatupia kuku. Kuku walikuwa wamejipanga kama watu wanaojua saa zao.

Damu ilinichemka. Unga ule niliutwanga mwenyewe na mtoto analia mgongoni. "Babu, hivi nampikia nani? Nakupikia wewe au napikia kuku?"

Hakushtuka. "Kaa chini, mayu."

"Sikai."

"Basi simama." Akaweka bakuli chini. "Tangu nilipoacha ziwa la mama yangu nimekula na watu. Kwetu mwanamume hali peke yake. Anayejifungia ndani na sahani yake ni mchoyo, au ni mchawi. Wewe unaniletea chakula kwa kupita kwenye mihogo, tena kimefunikwa. Watu wakikuona wataniita nani?"

"Kwa hiyo bora ufe?"

"Wazuri wengi wamekufa," akasema.

"Haya. Nitakula na wewe."

Alinitazama kama mtu niliyemtukania mzazi. Mke wa mtu, kutia mkono kwenye sahani moja na yeye! Nikamuuliza, kwa hasira ile ile, anaishi kwa kula nini. Akatoa mfukoni mwa koti vipande vya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa mpaka vikawa kama vigae, akaniwekea kimoja mkononi. "Hii si kula," akasema. "Hii ni kutafuna."

Nilirudi nyumbani nimekasirika na nimeaibika. Nasema kweli, nilitaka kuacha. Nilisema moyoni, mtu mzima na akili zake akiamua kufa, mimi nani. Lakini kila nilipomaliza kusema hivyo nilimwona binti yule pale njia panda. Nilikuwa nimemwambia hatakufa kwa njaa, na anakufa kwa njaa, na chakula ninacho.

Mume wangu alipotoka shule nilimngoja mlangoni. Kila jioni, kabla jua halijazama, sisi wanawake wa nyumba kumi zile tulipeleka sahani za waume zetu uani kwa balozi, kiongozi wa nyumba zetu. Hapo palikuwa na shikome, moto wa wanaume, nao walikaa kuuzunguka wakala kwa pamoja, kila mmoja akichota kwenye sahani ya mwenzake. Kwa ujinga wangu wa mjini nilidhani ni wanaume tu wanapenda kukaa mbali na watoto wanaolia.

"Mnamwacha mwenzenu afe," nikamwambia, "na nyinyi mnakula kila jioni hatua mia moja kutoka kwake."

"Tulimwita," akasema mume wangu. "Tena tulimbeba. Watu wanne, juu ya ngozi ya ng'ombe. Sahani zikaja, kila nyumba ya kwake, na kutoka kwa babu haikuja. Nani angeileta? Akasema ameshiba. Tukamsihi. Akasema mkono mtupu haulambwi, tumrudishe. Njiani akatuambia hatabebwa tena kama maiti."

"Na wewe umelijua hilo siku zote?"

"Uliniambia anakula kama kijana."

 Sasa nililiona tatizo lilivyo. Nilikuwa nahangaika kuingiza chakula katika nyumba ile, kumbe babu alichokosa ni chakula cha kutoka humo.

Kesho yake nilikwenda kwa kupita mbele, barabarani. Nikamwambia nitasonga ugali kwangu, nitaupeleka kwenye moto wa wanaume, nitasema umetoka kwake.

"Wana macho," akajibu. "Wataona moshi umetoka kwa nani."

Alisema kweli. Juu ya paa lake haukuwa umepanda moshi tangu msiba. Basi nikasema nitapika hapa, kwenye mafiga ya marehemu. Akatazama pembeni kulikokuwa na mafiga yale matatu na majivu yake ya zamani. "Anayesonga ugali katika nyumba ya mwanamume ni mkewe," akasema. "Mumeo atasema nini? Watu watasema nini?"

Fundo hilo lilifunguliwa na bibi wa nyumba ya tatu, mwanamke mkavu, mvuta kiko, ambaye mpaka siku ile nilidhani hanipendi. Nilimkuta kisimani nikamweleza kila kitu. Akacheka mpaka akakohoa. "Unamwita babu kila siku, kisha hujui kazi ya mjukuu? Mjukuu wa kike ndiye mke wa babu yake. Nenda kamtanie mbele ya watu, akujibu mbele ya watu. Hakuna atakayefumbua mdomo." Nilikuwa nimewahi kusikia utani huo kwa bibi yangu mwenyewe, nikauhesabu kuwa mchezo wa watoto.

Siku hiyo hiyo nikasimama barabarani, mikono kiunoni, nikapaza sauti kuelekea mlango wa babu. "Wewe mzee, umenioa halafu hunipi hata unga wa kusonga! Nimechoka, narudi kwa baba yangu!" Wanawake waliokuwa wanachambua pamba wakainua vichwa. Nikaogopa kwamba nimeharibu. Kisha sauti ikatoka ndani, ya ukali wa kujifanya, na sikuwa nimewahi kuisikia kubwa vile. "Mke mvivu kama wewe nilikutoa wapi? Unga uko kwenye kihenge, una mikono!"

Bibi wa nyumba ya tatu akapiga kigelegele kimoja kifupi, na mambo yakaishia hapo. Mume wangu alinikunjia uso jioni. Nikamwambia mjukuu huolewa na babu kwanza, kwa hiyo yeye ndiye aliyenikuta kwa babu, si babu aliyenikuta kwake. Alicheka bila kupenda.

Kihenge kilikuwa nyuma ya nyumba, kimejaa mtama. Ndiyo mavuno ya mwisho ya marehemu, wameyabeba kutoka kwao, na babu alikuwa hajayagusa. Wadudu walikuwa wameanza kazi. Nilipoingiza mkono mle nilisikia vibaya, nikijua nani aliyepiga mtama ule. Nikauchukua hivyo hivyo. Mtama ni wa kuliwa.

Likabaki fundo la mwisho, nalo ni mahali. Babu hatabebwa, kwa hiyo lazima moto uje kwake. Nilikwenda kwa balozi kwa adabu zote, nikapiga magoti kama mke wa mwalimu anavyopaswa. Alinisikiliza, akanijibu kwa upole kwamba shikome halihamishwi kama mbuzi, kwamba wanaume wamezoea pale, kwamba watalizungumza. Nilishakaa kijijini muda wa kutosha kujua maana ya kulizungumza. Wangelizungumza mpaka mvua, na bangili ya babu isingengoja mvua.

Nikarudi kisimani. Niliwaambia wanawake wenzangu neno moja tu, kwamba sahani ni zetu. Sisi ndio tunaozibeba. Wanaume wanafuata moto, lakini moto usio na sahani watauota mpaka lini?

Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mmoja akasema mumewe atampiga. Wote wakamtazama mke wa balozi, maana ikikataa nyumba yake, imekataa ya kila mtu. Alikuwa mama mnene, mpole, asiyesema sana. Alimaliza kujaza mtungi wake, akauweka kichwani, akausawazisha.

"Ubalozi ni wake," akasema. "Chungu ni changu."

Siku iliyofuata niliingia kwa babu mapema alasiri. Nikaosha mafiga, nikatoa majivu, nikawasha. Jogoo mmoja kati ya wale wanene nilimchinjisha kwa mume wangu mchana, bila kumwambia wa nini, na sikumwonea huruma hata kidogo. Moshi ulinijaa machoni kwa sababu nyasi za paa hazijazoea kuupitisha. Babu alikuwa amejisogeza mpaka mlangoni, amevaa shati lililofuliwa na koti lake, anatazama nje. Ugali wa mtama mimi sikuuzoea. Nilitia unga maji hayajatokota sawasawa, nikapigana nao kwa mwiko, ukanishinda pembeni pembeni.

Jua liliposhuka wanawake walitoka. Nilichungulia. Walikuja mmoja mmoja katikati ya barabara, sahani vichwani, hakuna iliyofunikwa. Walipita uani kwa balozi bila kugeuza shingo. Wanaume walikuwa wamekaa kuuzunguka moto wao, wakawaona wake zao wakipita na chakula. Mke wa balozi alipita wa mwisho. Wakaweka sahani zote mbele ya mlango wa babu, kando ya ile ya mume wangu niliyokuwa nimeileta mapema, wakarudi makwao.

Sasa nilikuwa nimebaki na babu na sahani tisa, na uani kwa balozi wanaume wamekaa. Niliogopa. Kama wangeshikamana, kama wangelala na njaa jioni moja kwa ubishi tu, babu angeaibika mara ya pili, mbele ya chakula chote kile, na kwa mkono wangu. Asingekubali tena. Angeingia ndani afunge mlango, na michembe ingemfikisha mahali fulani, si mbali.

"Mayu," akasema babu taratibu, bila kugeuka, "ukaidi wako huu ulifundishwa na nani?"

"Nyamaza, mume wangu," nikamwambia. "Subiri."

Wa kwanza kusimama alikuwa mwalimu. Mpaka leo husema ni tumbo lilimwinua, lakini nilimwona alivyokamata kigoda chake kwa haraka. Akaja, akamwamkia babu, akaketi. Wakaja wawili. Wakaja wengine, wakinung'unika, kila mmoja na kigoda chake, wakitazama sahani wajue ya nyumba yao ni ipi. Balozi akabaki peke yake kwenye moto wake. Alikaa hapo kitambo cha kutosha kulinda heshima. Kisha akainama, akachomoa gogo lililokuwa linawaka, akaja nalo barabarani cheche zikidondoka, akaliweka chini mbele ya mlango wa babu na kulisogezea vijiti.

Nilitoa sahani ya nyumba ile, ugali wa mtama na jogoo, nikaiweka katikati ya nyingine. Mume wangu akamimina maji, akampelekea babu kwanza, kwa kuwa ua ni wake. Nikarudi ndani haraka, nikasimama nyuma ya mlango na mwiko mkononi.

Babu alinawa polepole. Akatazama sahani zote. Mkono ukaenda kwenye ya balozi, ukakata tonge, ukachovya. Nilimwona anatafuna. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Akaenda kwenye ya mume wangu, akala. Akaenda kwenye ya tatu, kwa haraka sasa, na wanaume wakaanza kuzungumza kwa sauti habari za bei ya pamba, ili asitazamwe.

Alikula uani pale kila jioni kwa misimu minne ya mavuno, mpaka binti yake alipomzika na wajukuu sita wakamwona akishushwa. Lakini hayo yalikuwa mbele bado. Jioni ile balozi aligeukia sahani ya nyumba ya mwisho, akamega ugali wangu wa mtama. Akatafuna. Akaendelea kutafuna, kwa adabu. Babu akamtazama, akamega na yeye, akauonja.

"Wenzangu," akasema, kwa sauti ambayo hata nyumba ya kwanza waliisikia, "mniwie radhi. Ugali wa kwangu leo una mabonge. Mke wangu huyu ametoka mjini, bado namfundisha."

Wanaume wakaangua kicheko, na mume wangu akacheka kuliko wote. Mwanamke mwingine angeona haya. Mimi nilikaa chini kwenye majivu, nikalia kwa furaha, kwa sababu alikuwa amesema ugali wa kwangu. Kesho yake, kabla mtoto hajaamka, nilikuwa nimekwisha kuchekecha unga ule mara mbili.